Habari ya Rovu, na Chembe ya Madini Joto Iliyomo Mwilini

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno zuri juu ya wazee. Mtu aliyeishi miaka mingi, twasema amekula chumvi nyingi. Wahenga hawakusema amekula nyama nyingi, wala hawakusema amelamba asali nyingi, ingawa nchi yetu ya Katavi ina asali tele. Walitaja chumvi, kwa kuwa hakuna nyumba isiyoitumia, tajiri kwa maskini. Nami leo nataka kuwaandikia, ndugu wasomaji, habari ya chumvi hiyo, lakini si habari ya ladha yake. Nitaandika juu ya kitu kidogo mno kitiwacho ndani yake, kisichoonekana kwa macho wala kutambulikana kwa ulimi. Kitu hicho kikikosekana, mtu aweza kula chumvi nyingi hata uzeeni, na mwili wake usipate haki yake.

Sababu ya kuandika ni hii. Katika kijiji chetu, upande wa Mpanda, yalizuka maneno juu ya chumvi. Huuzwa chumvi za namna mbili. Moja ni ya pakiti, laini, nyeupe, yenye maandishi ya kwamba imetiwa madini joto. Ya pili huja katika magunia, mawe yake makubwa, haina maandishi yo yote, nayo hupimwa kwa kopo penye gulio, huku gunia li wazi juani. Hii ya kopo ni rahisi kwa bei. Kina mama wakagawanyika. Wengine walisema chumvi ya kopo ndiyo waliyoila mabibi zetu, nayo hukoleza mboga upesi. Wengine walisema nesi wa zahanati amewakataza. Kisha akatokea mtu akaeneza neno baya, ya kwamba chumvi ya pakiti imetiwa dawa ya kuzuia uzazi. Na muuzaji wa chumvi ya kopo ni mjane mwenye watoto wanne, tena Mkristo mwenzetu. Basi kila neno lililosemwa juu ya chumvi lilikuwa neno juu ya chakula cha wale watoto.

Jumapili moja, baada ya sala, kina mama wakaniambia, "Mwalimu, wewe umesoma. Tueleze kweli ni ipi, tuache kugombana." Nikawaomba majuma mawili. Nikasoma vitabu nilivyoweza kuvipata, nikamwuliza nesi, nikawaendea wazee. Haya niandikayo ndiyo niliyowaeleza, pamoja na mengine yaliyofuata.

Kwanza niseme juu ya rovu. Kila mmoja wetu amemwona mtu mwenye rovu, yaani uvimbe wa shingoni mbele, chini ya kikoromeo. Siku hizi wenye marovu makubwa ni wachache, tena wengi wao ni wazee. Jirani yangu ni bibi mmoja aliyepita miaka sabini, naye ana rovu kubwa kama chungwa. Nilimwendea jioni, nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba, akanikaribisha kitini. Nilipomweleza shida yangu hakuchukizwa. Akasema, "Mjukuu wangu, zamani rovu halikuwa aibu, kwa maana tulikuwa wengi. Aibu ilikuja wenzangu walipopungua." Kisha akanieleza jambo ambalo amenipa ruhusa niliandike, mradi nisitaje jina lake. Mtoto wake wa tatu alizaliwa kiziwi, hakupata kusema neno, wala hakurefuka kama wenzake. Ndugu za mumewe wakasema kwamba yeye ni mchawi, amemla mtoto ulimi. Wakamrudisha kwao, naye mtoto mgongoni. "Sikumroga mtu," akaniambia, "nami hata leo sijui mwanangu alikosa nini."

Mimi si tabibu, wala siwezi kusema kwa hakika ugonjwa wa mtoto yule ulikuwa nini, maana uziwi wa watoto una sababu nyingi. Lakini baada ya kusoma nimejua ya kwamba iko sababu moja iliyowapata watoto wengi sana duniani, katika nchi zilizo mbali na bahari. Sababu hiyo haina uhusiano wo wote na uchawi. Ni njaa ya kitu kimoja tu, na njaa hiyo haiumi tumbo.

Tuanze na mwili wenyewe. Mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, Muumba ameweka tezi ndogo yenye mabawa mawili, mfano wa kipepeo aliyekumbatia koo. Kwa mtu mzima mwenye afya uzito wake ni kama gramu 20 tu. Ukiikata tezi hiyo na kuitazama kwa darubini, waona imejaa vifuko vidogo vidogo, na kila kifuko kina ute ndani. Ute huo ni protini, yaani ni wa jamii ile ya vitu vinavyojenga mwili, kama vilivyomo katika nyama, maharagwe na mayai. Jina lake wataalamu waliita thairoglobulini. Ni protini kubwa ajabu. Ina nusu mbili zinazofanana, na kila nusu ni kama mkufu wenye pete zaidi ya 2,700 zilizoungana.

Sasa angalieni kazi yake. Madini joto, ambayo katika vitabu huitwa iodini, huingia mwilini pamoja na chakula, hupita katika damu, na tezi ya shingo huyavuta kutoka damuni kwa nguvu, hata yakawa mengi ndani yake kuliko nje. Kisha huyabandika juu ya pete fulani za ule mkufu, pete ziitwazo tairosini. Pete mbili zilizobandikwa hivyo huunganishwa, zikawa kitu kipya, nacho hukaa pale pale ndani ya protini kama punje iliyo ndani ya gunzi. Mwili ukihitaji, tezi huumeza ule ute, huikata protini vipande vipande, na zile punje huachiliwa ziende na damu. Punje yenye chembe nne za madini joto huitwa thairoksini. Iko na ya pili yenye chembe tatu, yenye nguvu zaidi. Hiyo haikujulikana mpaka mwaka 1952, na sehemu yake kubwa hutengenezwa baadaye katika ini na viungo vingine, kwa kuondoa chembe moja katika thairoksini.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, protini hiyo yafanana na kihenge. Mkulima mwenye busara hali mavuno yake yote siku ya kuvuna. Huyaweka, akachota kidogo kidogo hata masika mengine. Tezi yenye afya nayo huweka akiba ya kuutosha mwili kwa muda wa miezi miwili au mitatu. Ndiyo maana mtu akikosa madini joto juma moja haoni neno. Huja kuona baadaye, kihenge kikiisha, naye hakumbuki tena ni lini alipoacha kukijaza.

Na hizo punje zafanya kazi gani? Huenda katika kila kiungo na kukiamuru kifanye kazi kwa mwendo wake uliopasa. Huuamuru mwili kuchoma chakula na kutoa joto, kwa hiyo jina la Kiswahili, madini joto, ni jina la haki kabisa. Huongoza mapigo ya moyo. Huamuru mifupa ya mtoto irefuke. Na zaidi ya yote hujenga ubongo wa mtoto tangu yu tumboni. Mtu aliyepungukiwa nazo huona baridi wakati wenzake waona joto, huchoka bila kazi, ngozi yake hukauka, fikira zake huwa nzito, na tumbo hufunga choo.

Rovu basi latoka wapi? Chini ya ubongo iko tezi nyingine ndogo, ambayo ni kama jumbe. Ikiona thairoksini imepungua katika damu, hutuma mjumbe kwenda kuihimiza tezi ya shingo, "Ongeza kazi! Ongeza kazi!" Nayo hutii, hukua, hupanuka, ipate kunasa kila chembe ipitayo. Ni kama mvuvi wa Karema aonaye samaki wamepungua, akaunga nyavu zake ziwe ndefu maradufu. Lakini nyavu haziumbi samaki. Kama ziwa li tupu, wavu mrefu hurudi mtupu kama ule mfupi. Rovu ndilo wavu huo: ni kazi ya mwili uliojitahidi bila kupata. Basi tukimwona mzee mwenye rovu tusimcheke, kwa maana shingo yake yatuonyesha njaa ambayo zamani ilikuwa yetu sote.

Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno. Chukueni gramu moja, igawanyeni sehemu milioni moja. Mtu mzima ahitaji sehemu 150 tu kwa siku, na mwanamke mwenye mimba au anyonyeshaye ahitaji 250. Mtu akiishi miaka sabini, madini joto yote aliyoyahitaji tangu kuzaliwa hayajai kijiko kimoja cha chai. Lakini kijiko hicho hakiwezi kuliwa siku moja na kwisha. Yapasa kuja punje kwa punje, kila siku, kama ile mithali ya haba na haba hujaza kibaba.

Hapa ndipo penye neno zito, nami naomba kina baba wasome pamoja na kina mama. Mtoto aliye tumboni hana tezi yake ifanyayo kazi katika miezi mitatu ya kwanza. Siku hizo ubongo wake wategemea kabisa thairoksini ya mama. Mama akiwa na upungufu, mimba yaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa kiziwi na bubu, mwenye kudumaa mwili na akili. Na wako wengi zaidi ambao hawakupatwa na msiba mkubwa namna hiyo, ila akili zao zilipungua kidogo tu, kiasi ambacho hakuna awezaye kukiona kwa macho. Ubongo ambao haukujengwa vema tumboni haurudi kujengwa baadaye kwa dawa, wala kwa kiboko cha mwalimu. Tena mama wengi hawajijui kuwa na mimba mpaka mwezi wa pili au wa tatu. Kwa hiyo haifai kungoja siku ya kwenda kliniki. Yafaa kihenge cha mama kiwe kimejaa kabla.

Labda mtauliza jinsi mambo haya yalivyojulikana. Mwaka 1811, wakati wa vita vya Napoleon, Mfaransa mmoja jina lake Bernard Courtois alikuwa akitengeneza shura ya baruti kwa majivu ya majani ya baharini. Alipotia tindikali kali, ukafuka mvuke wa rangi ya zambarau, nao ulipopoa ukageuka kuwa vipande vyeusi ving'aavyo. Hiyo ndiyo iodini, na jina lake la Kiyunani latokana na rangi ile. Mwaka 1820 tabibu wa Geneva, Jean-François Coindet, alianza kuwapa wenye marovu dawa hiyo. Mwaka 1896 Mdachi Eugen Baumann alitangaza kwamba ameikuta iodini ndani ya tezi yenyewe. Na siku ya Noeli ya mwaka 1914, Mmarekani Edward Kendall alifaulu kuitenga thairoksini iliyo safi. Hivyo siku ile Wakristo tulipokuwa tukiadhimisha kuzaliwa kwa Mtoto Yesu, ikajulikana dawa ya kuwasaidia watoto wengi.

Lakini habari inipendezayo mimi mwalimu ni ile ya mji wa Akron, Marekani. Kuanzia mwaka 1917 tabibu David Marine na mwenziwe Kimball waliwagawia wasichana wa shule madini joto kidogo kidogo. Katika wasichana 2,190 waliokunywa, waliopata rovu walikuwa 5 tu. Katika 2,305 wasiokunywa, waliopata walikuwa 495. Baada ya hayo, nchi ya Uswisi ilianza kutia madini joto katika chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan huko Marekani mwaka 1924. Walichagua chumvi kwa sababu ile ile waliyoichagua wahenga wetu katika methali: kila mtu huila, kila siku, na hakuna awezaye kula nyingi mno kwa mara moja.

Sasa turudi kwetu. Kwa nini nchi za bara zapungukiwa? Hazina kubwa ya madini joto ni bahari. Katika nchi kavu mvua za miaka elfu na elfu zimeyaosha kutoka ardhini na kuyapeleka baharini kwa njia ya mito. Mahindi yaliyoota katika udongo usio nayo hayana, na ng'ombe aliyekula majani yake hana. Wengine kijijini waliniambia, "Sisi twala dagaa na migebuka ya Tanganyika, tutapungukiwaje?" Nikawajibu ya kwamba samaki wa ziwa ni chakula bora kwa kujenga mwili, lakini maji ya ziwa si maji ya bahari, na samaki wa maji baridi wana madini joto machache kuliko samaki wa bahari.

Wengine wakasema, "Basi chumvi ya Uvinza, si chumvi ya Mungu mwenyewe?" Nayo ni kweli. Chumvi ya Uvinza ni fahari ya upande wetu. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliochimba pale miaka ya 1960 waliona dalili ya kwamba watu wamepika chumvi ya chemchemi zile kwa zaidi ya miaka 1,000, na misafara ya zamani iliichukua mbali sana. Lakini kukoleza chakula ni jambo moja, na kuwa na madini joto ni jambo la pili. Chumvi ya chemchemi, na hata chumvi ya bahari iliyokauka juani, isipotiwa madini joto na mikono ya watu, haina ya kumtosha mtu.

Kuna na jambo la muhogo. Huko Kongo, wataalamu waliowachunguza watu wa kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu, na watu wa Ubangi, waliona kwamba rovu huzidi palipo na upungufu wa madini joto pamoja na kula sana muhogo usiotengenezwa vema. Sumu ya muhogo mchungu, ikiingia mwilini, hugeuka kuwa kitu kingine kinachoizuia tezi isivute madini joto. Sisemi tuuache muhogo, kwa maana umetuokoa katika njaa nyingi. Nasema tufuate desturi njema ya mama zetu: kuumenya, kuuloweka siku za kutosha, na kuuanika mpaka ukauke. Wenye haraka wanaopunguza siku za kuloweka wajidhuru wenyewe.

Serikali yetu ililitambua jambo hili. Miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba robo moja ya watu wa Tanzania walikuwa na rovu, kubwa au dogo. Kuanzia mwaka 1986 viligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizopungukiwa sana, na mkoa wa Rukwa, ambao Mpanda ilikuwa ndani yake mpaka ulipozaliwa mkoa wa Katavi mwaka 2012, ulikuwa miongoni mwa iliyofikiwa. Miaka ya 1990 zikawekwa kanuni za kwamba chumvi ya kuliwa itiwe madini joto. Mwaka 2004 watoto wa shule wa nchi nzima walipopimwa, wenye rovu walikuwa kama 7 tu katika mia. Hivyo maneno ya yule bibi, "wenzangu walipopungua," yana hesabu yake.

Mwaka 2009 wataalamu watatu, Erica Field na wenziwe, walitoa habari kwamba watoto wa Tanzania ambao mama zao walipata vile vidonge wakati wa mimba walisoma shule muda mrefu zaidi, karibu nusu mwaka, na wasichana kuliko wavulana. Nilifurahi nilipoisoma. Lakini yapasa niseme yote: wengine walizirudia hesabu zile baadaye wakaona hazisimami imara. Basi tusijenge juu ya hesabu hiyo moja. Kazi ya madini joto katika ubongo wa mtoto imethibitishwa kwa njia nyingine nyingi.

Baada ya kuwaeleza kina mama haya, nesi alikuja shuleni na kichupa cha dawa ya kupimia. Watoto walileta chumvi kidogo kutoka kwao, kila mmoja katika kipande cha karatasi. Tone moja likiangukia chumvi yenye madini joto, chumvi hugeuka buluu. Chumvi za pakiti ziligeuka buluu. Chumvi za kopo zilibaki nyeupe. Na ziko chache za pakiti zilizogeuka kidogo sana, hata rangi ikawa hafifu. Tulipouliza, tukaambiwa ya kwamba nyumbani chumvi hiyo hukaa katika sahani wazi, karibu na mafiga, penye mvuke na moto. Madini joto hupotea hivyo hivyo. Yafaa chumvi iwekwe katika chombo kikavu chenye kifuniko, nayo itiwe chunguni mboga zikikaribia kuiva.

Mjane muuza chumvi alikuwapo siku ile, amesimama mlangoni. Watoto walipoondoka aliniambia, "Mwalimu, umewaonyesha watu kwamba chumvi yangu ni mbaya. Wanangu watakula nini?" Nikamjibu, "Dada yangu, chumvi yako si sumu. Imepungukiwa na kitu kimoja, na kitu hicho chaweza kupatikana." Lakini maneno matamu hayajazi chungu. Kwa hiyo wazee wa kanisa walikutana, wakamkopesha fedha kidogo za kununulia katoni za chumvi ya pakiti huko Mpanda mjini. Faida yake kwa pakiti moja ni ndogo kuliko ile ya kopo, nami sitaki kuwadanganya ya kwamba shida yake imekwisha. Kina mama waliahidi kununua kwake. Wengi wametimiza, wengine, fedha ikipungua, hurudi kwa wachuuzi wapitao na magunia. Wapishi wadogo wa chumvi nao wana watoto. Haitoshi kuwaambia wasiuze. Yafaa wajiunge, wafundishwe, wapate dawa na mashine ya kuichanganyia, ili riziki yao isiwe upungufu wa watoto wa wengine.

Kabla ya kukoma, nitoe maonyo machache. La kwanza, asiwepo mtu wa kuzidisha chumvi akidhani kwamba azidisha afya. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na mtu mzima haifai apite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo katika mboga. Tunalotaka ni chumvi iliyo sawa, si chumvi iliyo nyingi. La pili, madini joto yana kiasi chake. Huko Kivu na Zimbabwe, miaka ya 1990, chumvi ilipotiwa kupita kiasi, baadhi ya watu wenye marovu ya zamani walipata ugonjwa wa moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na mwili kukonda. Kwa hiyo mwenye rovu kubwa la miaka mingi, au agumu kumeza, au asikiaye moyo ukienda mbio, na aende hospitali, asijitibu. Wala mtu asinywe ile dawa ya vidonda yenye iodini. Hiyo ni ya ngozi. La tatu, lile neno la kuzuia uzazi ni uongo. Mambo ni kinyume chake: upungufu wa madini joto ndio uharibuo mimba.

Katika Agano la Kale twasoma habari ya mji wa Yeriko, jinsi maji yake yalivyokuwa mabaya na nchi ikawa ya kuharibu mimba, hata nabii Elisha akatia chumvi katika chemchemi kwa chombo kipya, Mungu akaiponya. Ule ulikuwa muujiza, wala sithubutu kuufasiri kwa sayansi. Lakini mimi naona somo kwetu. Watu wa Yeriko hawakumtafuta mwanamke wa kumsingizia uchawi; walikwenda kuieleza shida yao kwa mtu wa Mungu. Sisi nasi tumewafukuza mama wangapi kwa ajili ya jambo ambalo pakiti moja ya chumvi ingalilizuia?

Basi, ndugu, fanyeni haya matatu: nunueni chumvi yenye madini joto na kuifunika, lowekeni muhogo siku zake zote, na mama mwenye mimba apelekwe kliniki mapema. Na yule mzee mwenye rovu, na mtoto asiyesikia, waketi pamoja nasi barazani na kanisani kwa heshima. Bibi jirani yangu amekwisha kusomewa maneno haya yote. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nitayaandika mahali ambapo ndugu za marehemu mumewe watayasoma. Nikamwambia nitajaribu.

Salamu kwa waalimu wenzangu na kwa wasomaji wote.

Mimi ndugu yenu,
Mwalimu wa kijijini, Mpanda